Pahali pa Wanjiru Katika Mikono Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Chai na viazi vya jana. Goti la kushoto linalia kama mlango. Nimelipaka mafuta, limenyamaza. Nimefagia mbele ya nyumba mwenyewe. Wazee wengine hapa mtaani Landless wanaamshwa na kuketishwa. Mimi bado.

Shiru amepiga simu. Ni mjukuu wangu, wa kijana wangu wa kwanza. Amebeba jina la marehemu mke wangu, Wanjiru, vile desturi yetu inataka; Shiru ni kifupi chake. Kwa hivyo mimi humwita bibi yangu, na yeye hunijibu, "Sema, bwana wangu." Anafanya kazi Ruiru kwa kampuni ya katuni za kompyuta. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Kumbe ni kazi, na watu wanaamka mapema kuifanya.

Wanatengeneza filamu ya watu wa ng'ambo. Ndani iko harusi ya kikwetu ya zamani, na mzee na mama wanacheza mwomboko, ile densi yetu ya kodiani. Hakuna kijana hata mmoja huko anajua mwomboko. Wametafuta kwa simu wakapata watu wa hoteli wakirukaruka kama wamekanyaga siafu.

Nimemwambia alete gari.

Kwa mwomboko hakuna mtu alinishinda Thika hii. Niandike tena. Hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Ruiru. Gorofa ya tatu. Nimepanda bila kushika chuma.

Chumba kikubwa, hakuna dirisha. Kamera zimening'inia kuzunguka ukuta kama popo. Wakanivalisha nguo nyeusi ya kubana, kama soksi ya mwili mzima. Aibu. Wakabandika vigololi vyeupe kwa kila kiungo, ndivyo kamera zinafuata. Magoti, viwiko, mabega. Hata vidole.

Mkubwa wao ni kijana wa ndevu, Kevo. Akasema, "Mzee wetu, kofia itoke." Nikakataa. Mwanamume hachezi mwomboko bila kofia, hiyo ni kama kula ugali na sindano. Tukaangaliana. Wakabandika vigololi juu ya kofia.

Wakafungulia kodiani kwa spika. Hatua mbili, inama. Hatua mbili, inama, zunguka. Ni densi ya watu wawili. Shiru akaja kunishika. Nikamwambia hapana, bibi yangu, wewe ni mrefu kama mkaratusi, utaniharibia. Nikacheza na hewa. Mikono nikaiweka pahali huwa inakaa.

Halafu wakanionyesha. Kioo cheusi. Hakuna uso, hakuna mvi, hakuna mtu. Vimulimuli tu vinacheza gizani. Lakini nilijijua. Ng'ombe wangu wa zamani angenijua.

Nikasinzia kwa kiti chao. Nikaona shamba la mananasi lote limewaka vimulimuli, vinainama pamoja, vinasimama pamoja. Shiru aliniamsha. Nilikasirika kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Wafula jirani amesikia. Tulifanya naye kazi kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa. Amecheka mpaka meno ya kununua yakataka kutoka. "Mzee mzima umekuwa katuni! Mkia watakupea ama utaenda nao wako?"

Nimemwambia yeye hata katuni ya panya hawezi, panya ina adabu.

Ameenda. Nimekaa na picha ya Wanjiru. Ni moja tu, ile ya kitambulisho, na hapo amekasirikia mpiga picha. Ya kucheza hakuna. Kichwa chake kilinifikia mfuko wa shati. Alikuwa anacheza polepole, kama mtu anavuka mto kwa mawe na hataki kuamsha samaki.

Sasa iko pahali moja dunia hii ninaweza kucheza na yeye tena. Kwa hiyo filamu. Hiyo ndiyo nataka. Kingine sitaki.

Jumapili, 9 Machi

Kanisa. Mahubiri marefu. Nimeona vigololi vyeupe kwa magoti ya kila mtu wakati wa kusujudu. Mahali palipendeza sana.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Shiru amekuja na kompyuta yake kwa begi. Uso mrefu. Anasema huko nje imetoka mashine mpya. Hauvai ile nguo, hauchezi. Unaiandikia maneno, "Mzee anacheza na mke wake," halafu inatoa mzee na mke. Wenye filamu wanaitaka. Wanasema ni haraka. Jumamosi wataangalia ya mashine na yangu, wachague.

Nikasema basi waangalie, nani anaogopa? Nionyeshe yangu.

Akanionyesha. Siyo mimi. Huyo ni mzee amemeza ufagio. Mgongo umenyooka, mkono wa kulia uko juu kama anasimamisha gari. Na mama wamemchora mrefu, shingo ya korongo.

Shiru akaeleza polepole. Huo mwendo wangu wameusafisha. Kompyuta iliona nimepinda, bega la kulia liko chini. Walidhani ni uzee. Na mkono wangu, walipouweka kwa yule mama mrefu, ukaangukia makalioni. "Guka," akaniita babu kwa kikwetu, "filamu ni ya watoto." Wakauinua.

Uzee! Nilipinda hivyo nikiwa na meno yote na suruali ya pasi. Wanjiru alikuwa mfupi. Unamshika mtu mfupi ukisimama kama mlingoti? Mkono ulikuwa mgongoni kwake. Mgongoni!

Nimesema wanipinde tena ama wanitoe kabisa.

Shiru akasema nikitolewa, mashine itacheza harusi yote, na meza yake haitakuwa na kazi. Nilijua ni kweli. Nikashikilia neno langu hivyo hivyo. Nimesema, sirudishi.

Alifunga kompyuta. Chai hakumaliza.

Alhamisi, 13 Machi

Jana sikushika simu. Imelia, nimeiangalia.

Asubuhi nimetembea hadi karibu na mto Chania. Ukungu juu ya maji. Ukitazama ukungu sana unaanza kuwa na mabega. Nimesimama hapo mpaka jua likautoa.

Mimi si mbaya. Lakini wakimnyoosha mzee, mke hana pahali pa kukaa. Atakuwa nani huyo? Mgeni.

Mchana nimeshika simu. Shiru hakusalimia. Ameuliza tu juu ya nyanya yake, "Guka, Cucu alikufikia wapi?"

Nikasema mfuko wa shati.

"Nilijua," akasema. Amerudisha ule mwendo wa kwanza, wenye haujasafishwa. Amepima ile hewa nilikuwa nimeshika. Kutoka kiganja mpaka kiganja, kutoka kidevu changu kwenda chini. Anasema ukipima hivyo kuna mtu anatokea. Wamekuwa wakichora mama, halafu wanamlazimishia mikono yangu. Yeye anaanza na mikono.

Nimemwambia avae sweta, Ruiru ina baridi. Ruiru haina baridi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda. Koti, kofia, viatu nimepiga rangi.

Wenye filamu walikuwa kwa kioo ukutani, wazungu watatu, mmoja mama wa miwani. Wakaweka ya mashine kwanza. Ni maridadi. Sitadanganya. Nguo zinapepea, jua linaingia kwa majani. Lakini hatua mbili, halafu mzee anainama, mama hajainama. Vidole vyao vikashikana vikawa kitu kimoja, kama unga. Wanateleza. Hawana kilo.

Halafu yangu.

Mzee akatoka na kofia. Bega la kulia chini. Na hapo chini ya bega, mama mfupi na kitambaa cha kichwa. Uso si wake, hawakujua uso. Lakini mkono wangu ulifika mgongoni kwake ukatulia. Hatua mbili, inama. Waliinama pamoja. Nilisikia uzito wake kwa kiganja, hapa, nimekaa kwa kiti cha Ruiru.

Nikasema, "Wanjiru." Kwa sauti. Sikupanga.

Shiru akageuka kwa mazoea. Halafu akaelewa si yeye.

Yule mama wa miwani akauliza nimesema nini. Shiru akamwambia kwa kizungu. Mama akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Kevo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wakasema watatujulisha. Watu wakubwa huwa hawana jibu karibu.

Jumatatu, 24 Machi

Wamejibu. Wageni wote wa harusi watachezwa na mashine. Wale wawili wa katikati ni wangu, na vile vile nilivyopinda. Shiru ana meza mpaka filamu iishe. Baada ya hapo hakuna mtu anajua. Wenzake wawili wameambiwa wasirudi. Nimewaza juu yao pia. Mmoja ndiye alinibandika vigololi vya vidole, polepole, kama anatoa mwiba.

Wafula amekuja jioni, hana kicheko. Anataka nimfundishe. Nimemshika mkono hapo uani. Anacheza kama anakanyaga udongo wa nyumba. "Inama, bwana!" "Nimeinama, mzee, ndiyo mwisho wangu huo." Watoto wa ploti walitazama.

Bado hakuna wa kunishinda.

Jumapili, 30 Machi

Sikuenda kanisa. Jua limekaa mlangoni, nimekaa nalo.

Shiru aliniwekea densi kwa simu. Nilimwambia asiweke ile yenye nguo na majani. Aweke ile ya kwanza, ya vimulimuli. Akauliza kwa nini, hiyo Cucu hayuko. Nikamwambia wewe weka, bibi yangu. Akacheka, akaweka.

Haina sauti. Mimi ni vitone vyeupe. Yeye hana hata kimoja. Ni giza tu, hapo kati ya mikono, na giza hilo linainama nikiinama.

Nimetazama mara nyingi. Chai imepoa. Bega la kulia limeshuka lenyewe.