Nilimwambia Mutinda Stima Imezimwa

Kwa Vonza, Kitui
Jumatatu mchana

Baba Nekesa wangu,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa letu. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa mzima, goti la mama liwe limepata nafuu, na mvua ya huko Kimilili iwe haijaozesha maharagwe. Mimi mwili hauna shida. Huku jua ni kali, wingu hatulioni, na vumbi limeingia hata ndani ya mkebe wa sukari. Najua utaigeuzageuza bahasha ukijiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Haya nimeshindwa kuyasema kwa simu. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, lakini leo tafadhali usinisome kama mwalimu.

Kwanza naomba msamaha. Kwa wiki saba, kila ukinipigia, nimekuwa nikikwambia kazi inaendelea vizuri. Haikuwa kweli hata siku moja.

Nilikuwa nakutajia Mutinda. Ni fundi wa hapa hapa Kwa Vonza, mtu wa makamo, mrefu, anaimba sauti ya chini kwenye kwaya ya kanisa lao. Kontrakta alitupanga pamoja tangu siku ya kwanza, tuweke stima kwenye wodi mpya ya kina mama katika zahanati ya hapa. Mimi ndiye mwenye leseni. Yeye ana miaka mingi ya kazi na hana karatasi. Angeweza kunidharau, mwanamke mgeni kutoka huko kwetu Magharibi amekuja kumwamuru. Hakunidharau. Alisema yeye anajua kupanda ngazi na mimi najua kusoma michoro, kwa hivyo tutafika. Ndiye alinifundisha kuitikia "Aa" mtu akinisalimu "Wacha" kwa Kikamba. Kanisani alikuwa ananitafsiria mahubiri kwa kuninong'onezea, mpaka mke wake anamkanyaga mguu. Kwenye ploti niliyopanga chumba, kina mama ni wema, lakini tukikutana kwenye bomba la maji wanaongea Kikamba, na mimi nacheka wakicheka. Mutinda ndiye alikuwa mtu wangu wa kuongea naye huku.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Ilikuwa asubuhi, wiki saba zilizopita, kama saa nne. Tulikuwa tunaunganisha taa ya mwisho juu ya dari ya wodi. Sanduku la breka, zile swichi za kukata stima, liko kwenye korido, na kila breka ilikuwa imebandikwa kipande cha tepu, kimeandikwa kwa kalamu na mafundi waliotutangulia. Moja "Wodi mpya", nyingine "Stoo", nyingine "Maabara". Unajua nilivyofundishwa, maana wewe ndiye ulikuwa unanisikiliza nikikariri kabla ya mtihani: unazima, unafunga kwa kufuli, unatundika kadi yenye jina lako, halafu unapima kwa testa kama stima imekatika kweli, kabla ya mkono wa mtu kugusa kitu. Lebo ni maneno ya mtu ambaye hayuko, huwezi kumuuliza. Nimewafundisha na wengine hivyo. Siku hiyo sista mkuu wa zahanati alikuwa ametuomba tumalize mapema, kamati ya zahanati ilikuwa inakuja kuangalia wodi. Nikazima breka iliyoandikwa "Wodi mpya". Taa zote za wodi zikazimika, nikaona hilo linatosha. Kufuli ilikuwa ndani ya begi. Testa ilikuwa mfukoni mwa ovaroli.

Mutinda alikuwa tayari juu ya ngazi.

"Umezima?" akaniuliza.

"Nimezima. Shika tu."

Akashika.

Hakupiga kelele, Baba Nekesa. Hilo ndilo linanirudia. Waya aliyoshika ilikuwa inatoka kwenye breka ya "Stoo", ambayo sikuizima. Kuna mtu aliipitisha pale kabla yetu na hakuandika popote. Mkono ulikwama, mwili ukatetemeka, ngazi ikawa inagonga ukuta. Nikakimbia koridoni. Chini ya sanduku kuna swichi kubwa mbili, zinafanana, rangi moja, hazina hata herufi moja. Nikavuta ya kwanza. Ilikuwa ya pampu ya maji. Ngazi bado inagonga. Nikavuta ya pili, nikasikia akianguka.

Sijui ni muda gani ulipita kati ya swichi ya kwanza na ya pili. Si mrefu. Daktari alisema mkono uliungua zaidi kwa sababu ulikaa pale.

Sista alimhudumia sakafuni mpaka gari likapatikana la kumpeleka Kitui mjini. Alipona, Mungu asifiwe, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa na nyonga ikavunjika. Kwa mkono huo ndio alikuwa anashika koleo. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na mke wake, Mama Kyalo, mpaka jua likageuka. Nilimwambia pole mara nyingi. Macho yake hayakutoka kwenye mlango aliopitishiwa Mutinda.

Siku ya tatu kontrakta alikuja. Aliniita kando ya gari lake, akaongea polepole, kama mtu anayenihurumia. Alisema afisa wa usalama kazini atakuja kuandika maelezo, na kwamba ingefaa niseme Mutinda alipanda kabla sijamruhusu. Alisema Mutinda hana leseni, hana cha kupoteza, lakini mimi nina leseni na watoto. Akaniahidi kazi ndefu huko Kambu, kwenye maduka mapya ya barabarani. Nilimwambia nitafikiria. Sitakuficha, nilifikiria kweli, siku nne. Siku ya pili ya hizo nne ndipo ulipiga, Wekesa wetu akanisomea jedwali la kuzidisha kwa saba, nikampongeza. Nilifikiria ada ya shule. Nilifikiria watu wa kwetu waliosema stima si kazi ya mwanamke, na jinsi wewe ulivyowajibu kwa niaba yangu. Sikutaka maneno yao yawe kweli.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mwenye daftari la jalada gumu. Tulikaa kwenye chumba cha sista. Alisema ametoka kumwona Mutinda hospitalini, na Mutinda amesema hakumbuki nani alisema nini asubuhi ile. Basi nikajua kwamba nikisema ule uongo, hakuna wa kuupinga. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Mimi ndiye nilimwambia nimezima," nikasema. "Sikuweka kufuli, na sikupima."

Aliacha kuandika. Akaniuliza kama najua maana ya hayo kwa leseni yangu. Nikamwambia najua. Akaniuliza tena, safari hii akinitazama, nikarudia maneno yale yale, ndipo akayaandika. Halafu nikampeleka koridoni nikamwonyesha zile tepu na zile swichi mbili.

Leseni imesimamishwa. Nitafanya mtihani upya baada ya miezi mitatu, na nisiposhinda ndio basi. Kontrakta alinifukuza siku hiyo hiyo, na afisa akafunga wodi mpaka kila kitu kikaguliwe. Kamati ya zahanati ilimtoa kontrakta, ikamwita fundi mmoja mwenye leseni kubwa kutoka Sultan Hamud, anaitwa Nzioka. Ni mtu asiyeongea. Nilimfuata nikamwomba niwe msaidizi wake, wa kushika ngazi na kubeba vifaa. Aliuliza kama mimi ndiye yule. Nikasema ndiye. Akanipa tochi.

Tumefuata waya moja moja, kutoka kwenye breka mpaka kwenye taa, soketi kwa soketi, na testa. Katika breka kumi na nne, sita zilikuwa na majina yasiyo yao. Halafu tukafika kwenye kebo ya chumba cha kujifungulia, ile kontrakta alituletea mimi na Mutinda tukaipitisha wenyewe. Juu ya plastiki imepigwa chapa ya saizi kubwa, na muhuri wa ubora. Nzioka aliikata, akapima shaba ya ndani. Ni nyembamba kuliko inavyosema. Tulipoivuta kutoka kwenye paipu, sehemu moja ilikuwa imeanza kulainika na kuwa rangi ya chai, na ilikuwa imetumika kwa majaribio tu. Ingewekewa vitanda vya stima vya kupasha watoto wachanga joto, ingewaka ndani ya ukuta. Nzioka aliniwekea kile kipande mkononi. Niliketi juu ya mifuko ya saruji iliyobaki pale. Nililia, na yeye akatoka nje akaniacha nilie.

Kebo mbovu zote zimetolewa. Sasa kila breka ina kibao kigumu cha herufi zilizochongwa, kimefungwa kwa skrubu. Kila waya ina namba ncha zote mbili, na mchoro umebandikwa ndani ya mlango wa sanduku. Zile swichi kubwa, moja imeandikwa "Pampu", nyingine imepakwa nyekundu na imeandikwa "Zima stima" kwa Kiswahili na kwa Kikamba, ili hata mama anayefagia ajue avute ipi. Hiyo nyekundu niliomba niifunge mimi. Wodi ilifunguliwa Alhamisi. Kamati ilimshukuru Nzioka, watu wakaomba, wakaimba. Mimi nilisimama nyuma karibu na tangi la maji, halafu nikarudi nyumbani kupika chakula cha mtu mmoja.

Jana nilienda kwa Mutinda. Nilikuwa sijaenda tangu arudi kutoka hospitalini, niliogopa. Nilimkuta ameketi nje, magongo yameegemea ukuta. Mama Kyalo alituletea muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa na maharagwe, akaingia ndani. Mutinda anakula kwa mkono wa kushoto, na kijiko kinamsumbua. Nilimweleza kuhusu breka sita na ile kebo. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya kifundi, nikasahau kidogo, nikafikiri tumerudi kazini. Ndipo nikamuuliza kwa nini alimwambia afisa hakumbuki.

Aliweka kijiko chini.

"Nilikumbuka yote," akasema. "Nilitaka nisikie wewe utasema nini."

Sikuweza kumtazama.

"Umesema ukweli, na nimeletewa habari," akaendelea. "Nashukuru. Lakini mkono ni wangu, Nasimiyu."

Nilimaliza chakula kwa sababu ni aibu kukiacha. Mama Kyalo alinisindikiza mpaka kwenye lango. Pale akasema, kwa Kiswahili, kwamba Jumapili ijayo watakuwa kanisani mpaka saa nane. Tangu jana nayageuza hayo maneno. Sijui kama alikuwa ananiita baada ya saa nane, au ananiambia nisije. Kama Mutinda angekuwa bado rafiki yangu ningemuuliza yeye.

Najua utasema nirudi nyumbani. Nataka kurudi, usifikiri sitaki. Jioni nikisikia watu wa ploti wanaitana kula, natamani sauti yako mpaka kifua kinauma. Lakini nikipanda gari sasa, nitakuwa nimekimbia. Nzioka amekubali nifanye naye kazi hii miezi mitatu, kwanza shule moja, halafu maduka ya huko kwao. Nitafanya mtihani nikiwa huku. Na Jumapili nitaenda kwa Mutinda saa tisa. Wakinifukuza, nitakuwa nimejua.

Msalimie mama sana, mwambie ile dawa ya kuchua asiiweke kwenye jua. Msalimie shemeji Simiyu, na mke wake anayenifugia kuku. Msalimie mchungaji wetu, na jirani Mama Rose anayekusaidia kufua, Mungu ambariki. Nekesa mwambie nimefurahi kusikia anaongoza kwaya ya darasa. Wekesa mkumbatie mpaka alalamike. Hao wawili waambie tu nimebadilisha kazi. Haya mengine nitawaambia kwa mdomo wangu, nikija.

Wewe usinijibu haraka. Kama utakasirika, kasirika kwanza, una haki, nimekudanganya wiki saba. Maliza hasira yako yote huko, halafu uniandikie lililobaki. Hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi mke wako, ninayekukosa,
Nasimiyu