Marehemu wa Keshero Bado Anapokea Simu

Mama Victoire mpendwa, nisaidie kabla akili haijaniruka, maana mimi ni mwanamke wa kusali na mambo haya sikuyazoea. Nafanya kazi na madaktari wanaochunguza jinsi kansa ya titi inavyowaacha wanawake baada ya matibabu, na kila Ijumaa nawapigia simu wagonjwa, nawauliza kama wamelala, kama mkono umevimba, kama mume bado anawatazama, na kati yao alikuwapo Umuhoza wa Keshero, aliyekatwa titi la kulia, ambaye tulizoeana sana kwa simu ingawa tulionana mara moja tu. Alifariki, nikaenda kuzika, nikatupa udongo kwa mkono wangu huu, nikarudi nyumbani nikilia. Ijumaa iliyofuata nikapiga namba yake kwa mazoea, bila kukusudia, na ikapokelewa. Mama, ilikuwa sauti yake. Nikaita, "Umuhoza?" ikavuta pumzi, ikasema taratibu, "Uliza tu maulizo yako, mama, niko nasikia." Nikauliza, mdomo ukienda wenyewe, ikajibu yote, kwamba halali, kwamba mkono ni mzima, na mwisho ikasema, "Lakini kunaniluma upande ya kushoto. Usiache kuniita." Tangu hapo nimepiga kila Ijumaa, na kila mara inaniambia kuna uvimbe kwenye titi la kushoto na umekua kidogo. Mama yangu anasema mfu anayeitwa kila wiki hawezi kwenda zake, kwa hiyo mimi ndiye ninayemfunga hapa. Madaktari sijawaambia, naogopa watanifukuza. Je, nifute namba ili apumzike?

Kasoki, Katoyi

Kasoki mwanangu, pole. Barua yako ilinisimamisha nywele, sikufichi. Kisha nikaisoma tena, nikakasirika.

Wafu hawaoti uvimbe. Wala hawapeleki simu kuchajiwa. Wewe ulizika, ukaondoka, hukurudi siku ya kuondoa matanga. Ungerudi ungeona nguo na simu ya marehemu zikikabidhiwa mdogo wake, kama tunavyofanya sote, na ungeisikia sauti ya huyo mdogo. Watoto wa tumbo moja hufanana hata koo.

Sijamwona, lakini naweza kukuambia anavyoishi. Alikaa kando ya kitanda, akasikia maswali yako kila Ijumaa, akaona mambo yalivyomwishia dada yake. Sasa amejigusa akakuta kitu, na hospitali anaiogopa kuliko kaburi. Hakupata namna nyingine ya kuomba msaada isipokuwa kujibu maswali ya marehemu. Nawe unamsikiliza, unakata simu. Mwanangu, kwa hilo umenihuzunisha.

Namba usiifute. Waambie madaktari leo, na wakikufukuza, kazi hutafutwa, mtu akishakufa hatafutwi. Si kila uvimbe ni kansa, lakini ugonjwa huu wakati mwingine hupita katika familia, na uvimbe unaokua kila wiki haungojwi. Mama yako umheshimu, ila shauri lake hili liache jikoni.

Halafu usimpigie tena, nenda kwao Keshero. Ukifika mlangoni usitamke Umuhoza. Muulize yeye anaitwa nani, umwite kwa jina lake, mpande pikipiki moja, na usitoke hospitali mpaka amepimwa.