Kibubu cha Ndoo

Jumatatu, 1 Septemba
Mashine ya pili imesimama mara tatu leo. Ndoo zilizotoka ni mia tatu na themanini. Nimeandika mia tano. Pengo tumeliziba kwa kibubu.

Ndiyo maisha ya zamu yetu. Mashine ikiamka vizuri, ndoo za ziada tunazificha nyuma ya viroba vya malighafi, chini ya turubai. Ikinuna, tunachota humo. Nilipopewa usimamizi nilikikuta kibubu hicho, nikakiendeleza. Ukivuka lengo leo, kesho wanakupandishia. Ukipungukiwa, unaitwa ofisini. Mia tano kila siku, hakuna anayekusumbua.

Miguu inawaka moto.

Jumatano, 3 Septemba
Meneja mpya wa uzalishaji, Bwana Massawe, ameleta ubao mweupe na kalamu za rangi. Kila mashine na mstari wake. Anasema huo ndio mkakati: tuone wapi tunapoteza muda, tupunguze. Kijana msikivu, siwezi kumsingizia.

Mistari ya mashine nyingine inapanda na kushuka. Wetu umenyooka kama umepigwa rula. Akanipongeza mbele za watu. Nikaona aibu, nikacheka.

Ijumaa, 5 Septemba
Mzee Chilumba, fundi wa mashine yetu, ameshinda chini yake asubuhi nzima. Ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anasikiliza. Ametoka shati limelowa mafuta. Bila yeye ile mashine ingeshauzwa kwa kilo.

"Pampu hii inakufa, mwanangu. Waambie ofisini."

Sikuwaambia. Ningeanzia wapi, na mia tano zangu ziko ubaoni?

Jumanne, 9 Septemba
Kikao cha wasimamizi. Bwana Massawe kachora mpango wake. Mashine ya pili haitikisiki, kwa hiyo haihitaji fundi wake peke yake. Mkataba wa Mzee Chilumba unaisha mwezi huu, hautaongezwa. Yasitoke nje ya chumba hiki, akasema. Kisha akanigeukia mimi: hongera.

Nimejichukia. Mkono wangu ndio uliomfukuza mzee wa watu. Miaka hamsini na minane, nani atamwajiri tena?

Jumatano, 10 Septemba
Mchana niliwaambia wenzangu wa mashine kwamba nataka kusema habari za kibubu. Sababu sikuitoa. Hadija akawaka: "Dada Rehema, ukisema umetuchoma sote! Wewe utaitwa mkweli, sie tutafanyishwa kazi mpaka tukome."

Ana haki ya kuwaka. Lakini nimechoka. Miaka sita naandika ndoo ambazo siku hiyo hazikutoka.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwenda. Nikampeleka Bwana Massawe nyuma ya viroba, nikafunua turubai. Akahesabu mwenyewe, moja moja. Mia mbili na kumi. Nikampa daftari langu, lile lenye kila saa mashine iliposimama na kila mara mzee alipoifufua. Akakaa juu ya kiroba, akalisoma hadi mwisho.

"Dada, mie nilisoma namba ulizonipa."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Nilimwambia wenzangu walifuata amri yangu, hawana kosa. Huo nao ni uongo. Siujutii.

Jumatatu, 15 Septemba
Barua imetoka. Mimi nimevuliwa usimamizi kwa kughushi taarifa, naanza kesho meza ya kufungasha. Pampu mpya imeagizwa. Lengo limeshushwa hadi mia nne, lakini Hadija bado hanisemeshi. Mkataba wa Mzee Chilumba umeongezwa mwaka mmoja.

Nililia chooni kidogo. Nikanawa uso, nikarudi.

Ijumaa, 19 Septemba
Siku ya nne ya kufungasha. Ndoo kumi, kamba, fundo. Ndoo kumi, kamba, fundo. Mgongo umekufa ganzi.

Mzee Chilumba alipita na kisanduku chake cha vifaa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasimama, akanitazama kwa huruma.

"Nimesikia, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi. Mtu mzima unaandika uongo kazini? Mie hapa wameniongeza mwaka, kwa sababu gani? Nafanya kazi yangu kwa haki."

Nilifungua mdomo. Nikaona alivyosimama amenyooka, kola yake imepigwa pasi.

Nikamwambia kweli, mzee, nimekoma. Akanipigapiga begani, akaenda kufunga pampu yake mpya. Nikavuta ndoo nyingine kumi.