Mama Mkwe, Panini na Masharti Yanayovunjika

Jumatatu, 14 Julai 1997
Pito, nyumbani kwa mama mkwe. Baridi ya huku haina adabu! Nimekuja na redio kaseti na sura mbili za tasnifu zisizosimama. Msimamizi wangu Dar anataka nimlinganishe Panini, yule Mhindi wa kale aliyeipanga Sanskriti kwa kanuni karibu elfu nne, na nadharia mpya ya Wamarekani. Mifano itoke kwenye Kifipa. Haya.

Kifipa cha zamani anacho mama mkwe, Mama Valeria. Na mimi na yeye hatutazamani uso wala hatugusani — ndiyo heshima ya ukwe kwao. Basi yeye chumbani, mimi barazani, mke wangu Cornelia anapeleka maswali.

Jumatano, 16 Julai
Cornelia yuko sokoni Majengo, anauza mitumba yake. Tangu apunguzwe kazi ndiyo inatulisha.

Nikauliza mwenyewe, ukuta katikati. Mama akataka kujua huyo Panini ninayemtajataja anasemaje. Nikamweleza: kwake kanuni mbili zikigombana, ya jambo mahususi huishinda ya jumla. Hawa wapya wanasema masharti yote yatiiwe, ila yakigongana, dogo livunjwe ili kubwa lisimame. Na livunjwe kidogo tu, pale inapobidi.

Akacheka mpaka akakohoa. "Hilo ndilo umelifuata Dar?"

Nampenda mama huyu. Kikohozi chake sikipendi.

Ijumaa, 18 Julai
Hospitali.

Asubuhi Cornelia kishaondoka, nikasikia kishindo chumbani. Nikaita. Nikaita tena. Nikasimama mlangoni kama mjinga — dakika ngapi, naona aibu kuandika. Ndipo akasema, sauti imekauka: "Ingia, mwanangu."

Alikuwa sakafuni, kajifunika khanga kichwa kizima. Nikambeba mgongoni hadi barabarani, lori la mahindi likatuchukua. Njia nzima hakujifunua.

Kichomi, kasema daktari, mapafu yote mawili. Ale, apate nguvu ya dawa. Tasnifu sitaki hata kuisikia.

Nimenunua uji getini. Nesi kaniambia nimlishe mwenyewe, manesi wako wawili tu wodi nzima. Nikamwambia mimi ni mkwe. Kaniangalia, kaenda zake. Cornelia nimemtumia mtu. Bado hajafika.

Mama alisikia. Kaisogeza khanga, mdomo tu ukaonekana. "Tazama dirishani, mwanangu. Halafu nilishe."

Kijiko cha kwanza kimemwagikia shingoni. Cha pili kameza. Anapumzika, naandika haraka, uso nimeuelekeza dirishani. Anapumua kwa shida sana — kanigusa mkono. Anataka kingine.