Baba Alipoonja Bahari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na bibi harusi wetu mtarajiwa ambaye nasikia siku hizi hashikiki. Sisi huku hatujambo, ila mimi nimechoka. Nimerudi juzi kutoka likizo, na mke wangu anasema nina sura ya mtu anayehitaji likizo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikimtaja baba tu unakata. Barua angalau utaimaliza, hata kama ni kwa hasira.

Nilimpeleka baba baharini. Najua umeshanuna. Nilipata ruhusa ya siku nne kazini, nikafikiri magoti yake yanakwisha, basi auone kwa mara ya mwisho ule mji aliokaa miaka mitatu akishona nguo za mabaharia, huku mama akifua nguo za watu ili sisi tule. Nilidhani atafurahi. Akaleta visingizio: mara begi limechanika, mara jua la kiangazi litamuua, mara cherehani haiwezi kuachwa peke yake, utadhani ni mtoto mchanga. Nikamburuta.

Hoteli tuliyopata ina ghorofa nne, chumba chetu kiko juu kabisa, na lifti ni mbovu. Nami mwaka mzima nashinda ndani ya mashimo ya lifti za watu nikizitengeneza, kwa hiyo niliapa hiyo sitaigusa. Baba akapanda ngazi, kila ghorofa anasimama na kujifanya anasoma matangazo ukutani. Kesho yake asubuhi nikaazima bisibisi kwa mpokea wageni, nikapiga magoti kusafisha swichi ya mlango iliyojaa mchanga. Hiyo ndiyo likizo yangu.

Mchana nikamwomba anionyeshe duka alilokuwa akishonea. Alitangulia, mikono nyuma kama mwenye mji. Tukapita duka la dawa, tukakata kulia, tukakata tena, tukatokea kwenye duka lile lile la dawa. Mara ya tatu muuza dawa alitoka kutuuliza kama tuna mgonjwa. Baba akasema mji wake wameubomoa wakajenga mwingine. Nikaamini, unajua mimi ni mwepesi wa kuamini.

Siku ya tatu tukashuka ufukweni. Watu tele, kelele za watoto, mchanga unaunguza. Baba akavua viatu, akakunja suruali kwa uangalifu kama anayeipima pindo, akaingia majini hadi vifundoni. Akachovya kidole, akakilamba, akacheka.

"Kumbe kweli ina chumvi," akasema.

Kisha akageuka, akaona kwamba nimesikia. Tukakaa pale mchangani, akanieleza yote polepole huku akiangalia miguu yake. Hakuwahi kufika mji ule, wala mwingine wowote wenye bahari. Miaka ile mitatu alikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mwendo wa saa mbili tu kutoka nyumbani kwetu. Alianza kwa kusikia cherehani ikimsema, halafu akawa anaijibu mbele ya wateja. Bahari aliibuni mama. Aliona tutachekwa shuleni. Na nani angempelekea kitambaa fundi aliyewahi kurukwa na akili, na nani angekuja kukuposa wewe. Kila Alhamisi mama alipotuaga kwamba anakwenda kununua sabuni, alikuwa anakwenda kumwona. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini mama alizikwa na siri yake nzima.

Nikamkumbusha siku ya maziko ya mama, ulivyomwambia mbele ya waombolezaji arudi baharini akaogelee, naye akainamisha kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakusema lolote.

"Mwanangu," akanijibu, "dada yako akinichukia kwa ajili ya bahari, anamchukia mtu mwenye akili zake. Niachie hiyo."

Nililia, dada, watu wanapita na taulo zao mabegani wananitazama. Kisha akaniapisha nisikwambie, nikaapa. Leo nimevunja kiapo hicho, kwa sababu umeniomba nisimame mahali pake kwenye harusi ya mwanao. Sitasimama. Mwenye nafasi yake yuko hai, na suti anayo. Kaishona mwenyewe, wala hajaniambia ni ya nini.

Basi nisikuchoshe. Msalimie shemeji, watoto, na majirani wote wanaonikumbuka. Mke wangu anakusalimu sana.

Hapa mwishoni ndipo huwa naandika kwamba na baba anakusalimu. Nami nikionana naye humwambia kwamba umemsalimu. Ni miaka minane sasa tangu maziko ya mama, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunituma. Salamu zote nilizitunga mwenyewe. Yeye huzipokea kwa kutikisa kichwa, nawe huzipita bila neno. Labda nimerithi kwa mama. Lakini nimechoka, dada, na leo sikuletei salamu yake yoyote. Namba yake ya simu haijabadilika.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba