Cheti cha Kupona

Jumatatu, 4 Machi

Mkubwa wa wodi ya moyo amenipigia simu. Sauti ya asali! Wanaadhimisha miaka ishirini ya kupasua watoto mioyo, wanataka mfano. Mfano — kama mimi ni gauni la dirishani. Nisimame jukwaani niseme nilipasuliwa nikiwa na miaka minne, leo ni fundi cherehani, nimepona kabisa. Mama kapiga vigelegele kabla sijakata simu. Cheti chao Baba alikitundika sebuleni zamani: "Amepona." Kwa hicho cheti sijapelekwa kliniki miaka kumi na saba. Nani ampeleke mzima hospitali?

Jumatano, 6 Machi

Eti kwanza wanipige picha ya moyo, "ya kumbukumbu". Kitanda cha watoto, miguu inaning'inia, ukutani sungura wa rangi. Mpimaji alikuwa anapiga soga. Ghafla akairudia picha ileile. Akamwita daktari. Naye akaipima upya.

Vali, kile kilango cha ndani ya moyo, inavuja, tena siku nyingi. Moyo umetanuka upande wa kulia. Huenda nikapasuliwa tena. Ningekuja kila mwaka wangeona mapema, anasema daktari — ananilaumu mimi! Nikamwambia cheti mlitoa ninyi. Akakohoa.

Kumbe kuhema nikipanda ngazi na furushi la vitambaa si uvivu.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 7 Machi

Hotuba nimeletewa imechapwa. Mistari sita, "nimepona kabisa" mara tatu. Nikamuuliza mkubwa, na vali je? Hilo baada ya sherehe, anasema, tusiwatishe wafadhili. Msomi mzima, pindo la koti limeshonwa ovyo.

Nyumbani sijasema. Mama anapiga pasi gauni langu huku anaimba. Nianzie wapi?

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa mstari wa mbele. Maua ya plastiki, spika zinakoroma. Watoto kumi na wawili wamevalishwa fulana zenye kopa jekundu. Watapewa vyeti. Maneno yaleyale! Hata aibu hawana.

Mama yuko nyuma, ananisonta kwa wageni: yule wangu.

Mwanamke wa kiti cha pili amempakata bintiye, mtoto kashonwa kifuani juzijuzi tu. Kaninong'oneza: "Samahani dada. Tukishapewa hiki, kliniki basi, eh? Maana tunatoka mbali."

Nimetabasamu tu. Mjinga mimi!

Kanishika mkono wa kushoto. Wa kulia unaandika ili nisimjibu. Mshereheshaji ameniita mara ya pili, watu wanapiga makofi, na huyu mama haniachii —