Mkono Unaosikiliza Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tano tangu kiharusi. Mguu umerudi. Mdomo umenyooka, tena unasema kuliko zamani — dada yangu ni shahidi! Kilichobaki ni mkono wa kushoto. Unainuka, unashika, lakini hauhisi kitu. Juzi niliuweka kwenye sufuria ya moto, nikajua kwa harufu.

Daktari anasema huenda ukaamka, huenda usiamke. Kifungua mimba wangu akadakia palepale mlangoni: basi mashine ya kusaga iuzwe, mama upumzike. Mnunuzi keshampata, anakuja Jumamosi ya tarehe 22.

Nipumzike! Nani kamwambia nimechoka? Miaka ishirini na sita nimesaga nafaka za mtaa huu. Masikio yalishachakaa kwa ile kelele, kwa hiyo mashine naisikiliza kwa kiganja cha kushoto. Nakibandika ubavuni mwake, huku wa kulia unamimina mahindi. Beringi ikianza kuchoka, kiganja kinajua siku tatu kabla. Watu huniita Mama Mashine. Hakuna aliyewahi kuniita Mama Pumziko.

Jumatano, 5 Machi

Dada kanipeleka kwa binti anayetibu kwa sauti na mitetemo. Chumba kiko juu ya duka la viatu. Mapazia mazito, mabakuli ya shaba, kitanda cha mbao chenye spika kubwa uvunguni. Unalala, sauti nzito inakupita mgongoni.

Binti hakuniahidi makubwa, nikampenda kwa hilo. Alisema inatuliza mwili, inaleta usingizi. Mkono tutaujaribu tu. Nifumbe macho, nivute pumzi, niwaze maji yanayotiririka.

Nikawaza boliti. Kuna kitu kilikuwa kinacheza upande wa miguuni! Nikamwambia. Akasema tulia mama. Nitulieje? Nikashuka, nikaingia uvunguni. Boliti mbili zimelegea. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Tulipoanza upya nililala fofofo, mara ya kwanza tangu niugue.

Jumatatu, 10 Machi

Leo binti kaja na uma wa chuma wa meno mawili, si wa kulia chakula, wa kutoa sauti. Anaugonga, unaimba, anaubandika kwenye mfupa. Kulia nahisi mpaka kiwikoni. Kushoto — kimya.

Kifungua mimba anasema nakwenda kuchezewa kengele kama mtoto. Nikamwambia kengele ni zangu, na masikio ni yangu. Siku hizi kila nikipika naweka kiganja juu ya friji dakika kumi. Hakisemi kitu. Nakiweka tu.

Jumanne, 18 Machi

Aibu.

Nimefumba macho, binti kauweka uma kwenye kiganja cha kushoto. Nahisi! Nikapiga kelele, dada akanikumbatia. Binti akasema polepole: mama, nisamehe, sikuugonga. Nilikuwa napima.

Nimelia ngazini mbele ya wauza viatu. Nilitaka mno, nikajidanganya mwenyewe. Dada akasema labda Mungu anasema basi. Nikamwambia mimi hajaniambia. Kesho narudi.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nne na robo asubuhi. Mnunuzi anakuja saa sita. Naandika nimekaa juu ya gunia.

Nilimwambia kifungua mimba: nipime. Nikishindwa, uza, sitafungua mdomo. Akakubali haraka mno! Akaniziba masikio kwa pamba, akanifunga macho kwa mtandio wa dada, akanisimamisha juu ya magunia mawili ili miguu isiniibie jibu. Mkono wa kulia nyuma, wa kushoto ubavuni mwa mashine. Yeye awashe au asiwashe, atakavyo. Nikipatia ananigusa bega mara moja, nikikosea mara mbili.

Mara ya kwanza sikuhisi kitu. Nikasema imezimwa. Bega mara moja.

Mara ya pili sikuhisi kitu. Imezimwa. Bega mara mbili.

Mara ya tatu pia kimya. Nikakaza meno, sikujibu. Nikangoja. Halafu kwenye shina la kidole gumba, kitu kidogo, kama sisimizi anapita. Kikapotea. Kikarudi. Si ile ngurumo ninayoijua. Ni kugonga.

Nikasema: imewaka, na kuna kitu kinagonga upande wa mkanda.

Akanivua mtandio, akanitoa pamba masikioni. Akasema hakuna kinachogonga mama, mashine imepakwa grisi juzi, yale yale ya uma. Nani kamwambia habari za uma? Dada akatazama chini. Maneno yale yamenichoma, kwa sababu na mimi nilikuwa nayawaza.

Nikamwambia fungua kifuniko. Akasema mnunuzi yuko njiani. Fungua! Mashine bado ni yangu mpaka saa sita.

Kazima. Kafungua. Kainama muda mrefu, dada naye kainama kando yake. Hakuna anayenitazama.

Sasa anauliza spana namba kumi na saba ya kukazia boliti iko wapi.